Tusitoe maoni kuhusu tusichokiona

Majuzi shairi moja liliingia katika kundi la WhatsApp la wapenzi wa Kiswahili ambalo nimekuwa mwanachama wake kwa miaka kadhaa. Lilikuwa la beti nane, tarbia, mizani kumi na sita katika kila mshororo. Liliingia saa tatu na dakika nne usiku. Ilipofika saa tatu na dakika tano, lilikuwa tayari limepokea kongole sita. "Kongole malenga!" "Heko ustadhi, umetisha!" "Kalamu yako haina mpinzani!" Mmoja alituma picha za makofi tu, kumi na mbili nilipozihesabu.

Nilipiga hesabu nyingine. Beti nane za mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, ni mizani 512. Sijui ni binadamu gani awezaye kusoma mizani 512, azitafakari, kisha aandike pongezi na kuituma, yote hayo ndani ya dakika moja. Mimi nilihitaji dakika kumi na miwani. Katika ubeti wa tano, mshororo wa pili ulikuwa umepungukiwa na mizani mbili. Hilo ni dogo. Kubwa zaidi ni kwamba beti mbili za kwanza zilimlaani kiongozi anyakuaye ardhi ya wanyonge, ilhali beti mbili za mwisho zilitushauri tumtii kiongozi bila kuuliza maswali. Je, mshairi alibadilisha nia njiani? Alikuwa akikejeli? Au vina vilimshinda nguvu vikamburura kule asikotaka kwenda? Ningefurahi kusikia mtu akiuliza. Hakuna aliyeuliza. Kufikia asubuhi kongole zilikuwa zimetimu thelathini na kitu, na mazungumzo yalikuwa yamehamia kwenye mechi ya soka.

Naomba nieleweke. Sina ugomvi na kongole. Mtu aliyekesha akipanga vina anastahili neno jema, na wengi wetu tuliendelea kuandika kwa sababu mwalimu fulani aliwahi kuchora alama ya vyema kwenye insha zetu. Ninachokihofia ni kile ambacho wahenga walikwisha kukisema kuhusu mgema. Akisifiwa, tembo hulitia maji. Tena wahenga hawakusema kwamba tembo lile lilikuwa baya tangu mwanzo. Lilikuwa zuri. Liliharibiwa na wanywaji waliosifu kabla ya kuonja.

Upande wa pili wa sarafu ni huo huo. Nenda utazame yanayosemwa mtandaoni kuhusu riwaya mpya, kipindi cha runinga, filamu au hata mchezo wa video ambao vijana wanaucheza kwenye simu. "Kitabu kinaboo." "Hii hainibambi." "Ni takataka." "Mwandishi arudi shule." Nimefuatilia mijadala kama hiyo kuhusu tamthilia za runinga zetu, kuanzia enzi za Maria na Zora hadi za leo, na pia kuhusu vitabu teule vya shule za upili kama Chozi la Heri, Kigogo na Nguu za Jadi. Yule anayemwaga sifa na huyu anayemwaga matusi ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili wamefika kwenye hukumu bila kupitia mahakamani.

Hapa tuutazame msamiati, maana safu hii ni ya lugha. Neno "maoni" limetokana na kitenzi "ona". Haliwezi kujitenga na macho. Mtu anayetoa maoni anatueleza alichokiona, na aliyefumba macho hana maoni, ana makisio. Neno "hakiki" nalo ni la ukoo mmoja na "hakika" na "haki". Kuhakiki ni kuchunguza jambo hadi upate uhakika wake. Hata karani wa benki huhakiki sahihi kwenye hundi kabla ya kutoa pesa, wala hasemi kwamba sahihi imembamba au haikumbamba. Kwa hiyo uhakiki, kabla haujawa somo la chuo kikuu lenye nadharia na majina ya Wazungu, ni tendo la uadilifu. Unaangalia, unathibitisha, kisha unasema. Atakayegeuza mpangilio huo, akasema kwanza na kuangalia baadaye, huwa amedhulumu.

Nasema "amedhulumu" nikijua uzito wake, kwa kuwa niliwahi kuwa dhalimu mimi mwenyewe.

Miaka michache iliyopita, katika kundi jingine la wasomi na walimu, mtu aliuliza kama kuna aliyesoma riwaya fulani iliyokuwa imetoka karibuni. Mwandishi wake nilimfundisha katika shahada ya kwanza. Nilikuwa na nakala mezani, na nilikuwa nimeianza nikiwa garini, katika msongamano wa barabara ya Thika. Nikaandika maneno manne: "Ni kazi ya kawaida." Nikaweka simu mfukoni nikaingia darasani. Sikukusudia ubaya. Nilikuwa na haraka, na nilitaka nionekane kwamba nimesoma.

Jioni mwandishi alinipigia simu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Mwalimu, habari ya jioni. Nimeona maoni yako kuhusu kitabu changu."

"Aa, mwanangu, yale yalikuwa mazungumzo tu ya kundini," nikamwambia.

"Sawa, Mwalimu. Nilitaka tu kujua, ulifika ukurasa wa ngapi?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa nimefika ukurasa wa 34, katika kitabu cha kurasa zaidi ya 200. Nilimwambia ukweli. Alinyamaza kidogo, kisha akanishukuru na kuniaga kwa heshima ile ile aliyonipa alipokuwa mwanafunzi. Baadaye nilisikia kutoka kwa mwenzangu kwamba shule mbili zilizokuwa zikifikiria kununua kitabu hicho kwa maktaba zao ziliahirisha. Walimu waliokuwa kundini walikuwa wamesoma neno la "Prof". Siwezi kuapa kwamba ni maneno yangu manne yaliyofanya hivyo. Siwezi pia kuapa kwamba siyo.

Nilimaliza riwaya ile mwezi uliofuata. Kurasa 60 za kwanza ni za kawaida kweli. Kuanzia hapo inabadilika, na ile sauti tuliyodhani ni ya msimulizi mzembe tunagundua kwamba ni ya mtoto anayeficha jambo. Ukawaida ule ulikuwa mbinu. Niliandika tena kundini nikaeleza hivyo na kuomba radhi, lakini kama mjuavyo, radhi haisambazwi kwa kasi ya lawama. Waliojibu walikuwa wawili.

Kisa hicho kinanifundisha kwamba tatizo hili si la "vijana wa siku hizi". Tumezoea kuwatupia vijana kila kasoro ya mtandaoni kana kwamba sisi wenye mvi tunatumia simu kupigia peke yake. Nyani haoni kundule. Nilikuwa na shahada ya uzamifu, na nilihukumu kitabu ambacho sikukiona.

Wapo watakaosema kwamba maoni ya mtandaoni ni mazungumzo ya baraza tu, na baraza halihitaji tanbihi wala marejeleo. Hoja hiyo ina ukweli wake, ila nahofia wanaoitoa hawajalikumbuka baraza lenyewe lilivyokuwa. Katika mitaa ya Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, aliyeketi barazani na kusema kwamba utenzi wa fulani ni mbovu aliangaliwa machoni na kuulizwa: ubovu wake uko wapi? Alijua kwamba huenda mtunzi mwenyewe atapita muda si mrefu akielekea msikitini. Maneno yalikuwa na uso. Leo tumechukua ulegevu wa baraza tukauacha uso wake nyumbani.

Isitoshe, fasihi yetu ina mila ndefu ya kupingana hadharani. Mapema katika karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa akirushiana mashairi na washairi wa Lamu, akiwemo Zahidi Mngumi, kuhusu siasa na vita vya siku zile. Msomaji anayetaka kujua zaidi atafute kitabu cha Mohamed H. Abdulaziz kuhusu Muyaka kilichochapishwa mwaka wa 1979. Malumbano hayo yalikuwa makali, na kejeli ndani yake haikuwa haba. Lakini yalikuwa na sharti lisiloandikwa. Ili umjibu mwenzako, ilikubidi ulishike neno lake, ulipokee fumbo lake na ulifumbue, tena kwa vina na mizani. Asiyesikiliza shairi la mpinzani hadi tamati asingeweza kulijibu. Kupinga kwenyewe kulikuwa ithibati ya kusoma.

Mila hiyo iliendelea magazetini. Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka wa 1923, liliwapa washairi ukumbi wa kuulizana na kujibizana. Baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa diwani ya Kichomi mwaka wa 1974, yenye mashairi yasiyofuata arudhi, mtafaruku ulizuka baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko. Walikuwepo waliokataa katakata kuyaita mashairi. Mimi nilikuwa kijana mdogo wakati huo, na nilikuja kuisoma mijadala hiyo baadaye nikiwa chuoni. Kilichonivutia ni kwamba hata mwanamapokeo mkali kabisa alikuwa na hoja mkononi: ushairi wa Kiswahili ni wimbo, wimbo una mapigo, ukiondoa mapigo umebaki na nini? Unaweza kuipinga hoja hiyo. Nimeipinga mara nyingi darasani. Lakini angalau kuna kitu cha kupinga. Huwezi kupinga "hainibambi".

Basi tulipotelea wapi? Nadhani jibu moja liko katika shule zetu, na hapa najua nitawaudhi baadhi ya walimu wenzangu. Mwanafunzi wa shule ya upili anasoma riwaya, tamthilia na hadithi fupi kwa ajili ya Karatasi ya Tatu. Wengi wao husoma mwongozo kabla ya kusoma kitabu, na wengine husoma mwongozo badala ya kitabu. Mwongozo unamwambia maudhui ni haya, sifa za mhusika ni hizi, tamathali za usemi ziko kurasa hizi. Anakariri. Kwa miaka minne hakuna anayemuuliza: wewe umeonaje? Akithubutu kuandika kwamba mhusika fulani hakumshawishi, anahofia kupoteza alama. Kisha anamaliza mtihani, ananunua simu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake anaulizwa maoni yake na ulimwengu mzima. Tunashangaa kwamba ana maneno mawili tu, "moto" na "takataka"? Hatukumfundisha mengine.

Kuhusu maneno hayo, kuna jambo linalonitatiza kama mwanalugha. Sifa zetu za siku hizi zimejaa hatari. Kitabu kizuri ni "moto". Wimbo mzuri ni "kali" au "noma". Mwimbaji "ameua", mshairi "ametisha". Sizichukii semi hizi. Lugha hai hucheza, na kijana aliyegeuza "noma" kutoka balaa hadi sifa alifanya kazi ya kishairi bila kujua. Kasoro yake ni kwamba zote zinapima jambo moja tu, yaani ukali wa mshtuko. Hazina namna ya kusema kwamba kitabu ni kizuri kwa upole wake, au kwamba kilianza vyema kikachoka.

Ilhali Kiswahili kina hazina kubwa ya kuonja, na iko jikoni. Mama zetu hawakusema kwamba mchuzi ni "poa" au "mbaya" wakanyamaza. Mchuzi ulikuwa chapwa, au umekolea, au chumvi imezidi. Wali ulikuwa na kiini, umeiva, umeungua chini ilhali juu ni mzuri. Maharagwe yalikuwa yamechacha, matunda yalikuwa mabichi au yameiva kupita kiasi. Kila neno hapo linatoa hukumu na sababu kwa pamoja. Ukiniambia tamthilia imeungua chini, nitajua kwamba hadithi ya juu juu inapendeza lakini msingi wake una walakini. Ukiniambia riwaya ina kiini, nitajua mwandishi aliitoa jikoni mapema, hakuipa muda. Ukisema mazungumzo ya wahusika ni chapwa, mwandishi atajua aongeze nini. Hatuhitaji kuazima istilahi za kigeni ili tuseme la maana kuhusu kipindi cha runinga. Tunahitaji kurudi jikoni.

Na kwa kweli wapo wanaofanya hivyo, tena si maprofesa. Mwaka jana nilisoma maoni mafupi ya mtu ambaye simjui, nadhani ni mama mwenye duka kwa jinsi alivyojieleza, kuhusu Utengano ya Said Ahmed Mohamed, riwaya iliyochapishwa mwaka wa 1980 na ambayo vizazi kadhaa vya Wakenya viliisoma shuleni. Wachangiaji walikuwa wakimjadili Maimuna, yule binti wa Maksuudi aliyefungiwa nyumbani, akatoroka na kuangukia ulevi na ukahaba. Mmoja alisema Maimuna alikosa maadili, mwingine akasema dunia ilimfunza. Ndipo yule mama akaandika hivi: "Sote tunauliza kwa nini alitoroka. Mimi najiuliza alikaaje muda wote huo. Na yule mama yake, Tamima, mbona hatumuulizi yeye ametorokea wapi?"

Nimefundisha Utengano kwa zaidi ya miaka ishirini. Sikuwahi kumtazama Tamima kwa jicho hilo, kama mwanamke ambaye naye amefungiwa lakini hana kwa kutorokea. Katika muhula uliofuata nililipeleka swali hilo darasani, na saa mbili hazikututosha. Mwanafunzi mmoja alilihusisha na Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka wa 1971, ambayo iliwahi kupigwa marufuku shuleni nchini Tanzania kwa madai ya kuwapotosha vijana. Wangapi, aliuliza, waliiita riwaya hiyo "chafu" bila kufika kwa Zakaria, baba anayempiga bintiye vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana? Kule nako kuna mlango uliofungwa, na aliyeufunga ni mzazi. Mjadala huo wote ulizaliwa na sentensi tatu za mtu asiye na cheo wala nadharia. Alichokuwa nacho ni kwamba alikisoma kitabu, akakumbuka waliomo, na akasema alichokiona.

Kwa hiyo siombi maoni ya mtandaoni yazimwe, wala siombi kila mtu aandike kama msomi. Mungu atuepushe na hilo. Mengi ya yale tunayoandika sisi wasomi yana kasoro ya kinyume: sababu tele na hakuna ladha. Naomba mambo matatu tu, na najiomba mimi kwanza. La kwanza, tuseme tumefika wapi. "Nimesoma sura tatu" si aibu. Ni tarifa muhimu kwa anayekusikiliza. La pili, tuonyeshe mahali. Taja mhusika, taja kipindi kilichokuudhi, taja ubeti. La tatu, tutumie neno "kwa sababu". Ukiandika "hiki kitabu kinaboo kwa sababu", utalazimika kumalizia, na pengine ukiwa njiani kumalizia utagundua kwamba hakiboi, kimekuchosha tu kwa kuwa ulikisoma ukiwa na njaa.

Wapo watakaoniambia kwamba haya ni makubwa mno kwa maneno ya simu. Ninawajibu kwamba upande wa pili wa simu ile yupo mtu. Waandishi wetu wengi wa Kiswahili hawaishi kwa kalamu. Ni walimu, ni makarani, ni wanafunzi wanaoandika usiku baada ya kazi, na wasomaji wao wa kwanza ni sisi sisi wa makundini. Tukiwasifu bila kusoma tumewanyima kukua. Tukiwaponda bila kusoma tumewanyima wasomaji.

Narudi kwa shairi la beti nane. Baada ya siku mbili nilimwandikia mshairi faraghani. Nilimwambia kwamba mshororo wa pili wa ubeti wa tano umepungua, na nikamuuliza swali langu kuhusu kiongozi wa mwanzo na kiongozi wa mwisho. Nilitarajia aidha anichukie au anitumie picha za makofi. Jibu lake lilifika usiku huo huo. Aliniambia kwamba kejeli ndiyo aliyoikusudia, na kwamba ameona sasa haikujitokeza vya kutosha, kwa hiyo ataupanga upya ubeti wa saba. Kisha akaongeza: "Asante sana, Mwalimu. Nilikuwa nimeanza kudhani hakuna aliyelisoma."